Sura ya Tano: Machipuko Yatanguliayo Mvua

Watu waliolelewa katika nchi za theluji huyangoja machipuko kwa kulitazama jua: siku hurefuka, baridi hulegea, barafu huyeyuka, na maji yaliyokuwa yamefungwa ardhini huachiliwa yapande mitini. Huko joto na maji huja pamoja, na jani jipya ni matokeo ya sababu zinazoonekana kwa macho. Katika bonde la Rukwa, hasa pembe yake ya kusini ambako mto Momba huteremka kutoka nyanda za juu na kuufikia mji mdogo wa Kamsamba, mambo huenda kwa kanuni nyingine; na mgeni ajaye huko mwezi wa Septemba, wakati ambapo mvua imekwisha kusahauliwa tangu Aprili au Mei, hustaajabu kuona kwamba miti mingi ya porini imevaa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, juu ya udongo mkavu uliopasuka na chini ya mbingu isiyo na wingu. Mvua yenyewe haitarajiwi kabla ya Novemba. Miti, basi, imeitangulia, na katika kutangulia huko mna hikima ambayo sura hii imekusudia kuieleza, kwa kuwa naitakidi kwamba mtu asiyeijua hawezi kuutendea haki msitu wa nchi hii.

Kamsamba imo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Mtu atokaye Tunduma au Vwawa huiacha barabara kuu ya lami pale Mlowo, akaupa mgongo ubaridi wa mashamba ya kahawa ya Mbozi, akateremka hatua kwa hatua mpaka nchi ya joto, nchi ya mpunga na ufuta, ambako koti alilolivaa asubuhi huwa ni mzigo wa mkononi kabla ya adhuhuri. Upande wa magharibi husimama ukuta wa milima, ambao ndio ukingo wa uwanda wa juu wa Ufipa. Upande wa kaskazini ardhi imelala tambarare kuelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, ambalo hupokea maji ya Momba, ya Songwe na ya mito mingine, lakini haliyapeleki popote, ila huyaacha yafyonzwe na jua. Wenyeji wa kale wa pande hizi ni Wawanda. Pamoja nao wamo Wanyamwanga, Wafipa, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao katika vizazi vya karibuni. Daraja la zege lililojengwa juu ya Momba limeiunganisha Kamsamba na Kilyamatundu ya ng'ambo, katika Mkoa wa Rukwa, na limewaondolea wasafiri wengi hofu ya mkondo na ya mamba.

Wasaa mwema wa kutembea huko ni alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya miti, kwa maana ifikapo saa nne joto la Septemba humnyima mtu utulivu wa kutazama. Nilitoka mjini mapema, nikashika njia ya ng'ombe iliyofuata ukingo wa mto. Maji yalikuwa yamepungua, mchanga umejitokeza katikati, na wanawake waliokuja kuteka walikuwa wamefukua vishimo mchangani ili wapate maji yaliyochujika. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamebaki mabua tu, mavuno yakiwa yamekwisha pita, na ng'ombe walikuwa wakitembea humo polepole, wakiokota walichoweza.

Mti wa kwanza uliosimamisha macho yangu ulikuwa mmoja katika jamii ya migunga, ambao wataalamu wa mimea huuita Faidherbia albida, wenye gome la kijivu na kivuli kipana. Mti huu umeipindua desturi ya wenzake: mvua zinapoanza hupukutisha majani yake, ukakaa mtupu msimu wote wa kilimo, na kiangazi kinapokuja, wakati mingine inapovua, wenyewe huvaa. Kwa hiyo mahindi yaliyopandwa chini yake hayanyimwi jua, na majani yake yaangukayo huyarutubisha, ilhali ng'ombe hupata kivuli chake katika miezi ya hari, na maganda yake mapana, yaliyojikunja na kuwa ya rangi ya machungwa, humwagika chini wakati majani ya malisho yamekwisha kabisa. Niliona ndama watatu wamezunguka shina, kila mmoja akitafuna ganda lake kwa bidii, na mchungaji mdogo amesimama kando na fimbo ndefu akiutikisa mti ili wengine wapate. Mkulima atakayeukata mti huu kwa kudhani kwamba unamzibia shamba atakuwa amefukuza mbolea, kivuli na malisho kwa pigo moja la shoka.

Kabla ya kuifuata njia ya milimani, yafaa kuitazama kidogo mbuga iliyoenea upande wa ziwa, maana humo yuko kiumbe mwenye mwenendo ulio kinyume na ule wa miti. Mbuga za Rukwa ni miongoni mwa mazalio mashuhuri ya nzige wekundu, ambao hupevuka mwishoni mwa mvua, wakakaa majanini kiangazi chote bila kutaga, wakiingoja mvua mpya ndipo waweke mayai yao katika udongo uliolowa. Pigo kubwa la nzige hao lilianza mwaka 1930 au karibu yake, likaenea katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika, wala halikwisha mpaka mwaka 1944. Na kwa kuwa ilibainika kwamba makundi huanzia katika mazalio machache, Rukwa ikiwa mojawapo, serikali za wakati ule ziliunda mwaka 1949 idara ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, upande wa Zambia. Nzige huingoja mvua kwa kuwa hana akiba. Ikichelewa, uzazi wake huchelewa, na ikikosekana, huharibika. Mti wa miombo, ule uchipuao kabla ya mvua, haukuumbwa hivyo.

Njia ilipoanza kupanda, udongo mweusi wa bondeni ukatoweka, mahali pake pakashikwa na mchanga mwekundu wenye kokoto, na migunga ikaupisha msitu wa miombo wenyewe. Humo mlikuwa na mitundu, miyombo na miuba, miti ya ukoo mmoja wa kunde, ambayo maganda yake makavu hupasuka kwa mlio mkali mchana wa jua na kuzirusha mbegu mbali. Mitundu ndiyo iliyokuwa imevaa vizuri kuliko yote. Majani yake machanga yalining'inia malaini, mengine mekundu sana, mengine ya rangi ya divai, mengine yakianza kugeuka kuwa ya kijani kibichi kwenye kingo. Na kwa kuwa kila mti una saa yake ya kuanza, mteremko wote ulikuwa na rangi nyingi zilizochanganyika bila mpango na bila kugombana. Nilichuma jani moja nikaliweka kiganjani: lilikuwa jororo, linang'aa kwa juu, na vijani vyake vya mwisho vilikuwa vikubwa kuliko vya mwanzo. Wataalamu husema kwamba wekundu huo ni kinga ya jani changa, hulikinga na ukali wa jua kabla halijakomaa, na yamkini huwapunguzia wadudu hamu ya kulila.

Mininga haikuwa na majani bado, ila ilikuwa imechanua. Maua yake, ya manjano iliyoelekea rangi ya machungwa, huja aghalabu kabla ya majani, nayo hayakawii. Baada ya majuma machache huwa yamekwisha pukutika, na ardhi chini ya mti hugeuka kuwa ya dhahabu. Harufu yake ilinifikia kabla sijauona mti wa kwanza. Katika matawi yaleyale yalibaki matunda ya mwaka uliopita, mviringo wenye bawa jembamba pande zote na miiba katikati, yakitikisika kwa upepo. Hivyo mwaka uliopita na mwaka ujao vilikuwa vimekaa juu ya tawi moja.

Swali la kuuliza hapa ni hili: miti hii imeyapata wapi maji? Jani changa ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na nchi hii ilikuwa imekaa kiasi cha miezi mitano bila mvua. Jawabu limefichwa chini. Mizizi ya miti ya miombo huzama mita nyingi ardhini, ikafikilia unyevu ambao jua la kiangazi haliwezi kuugusa. Fauka ya hayo, mashina na mizizi yenyewe hulimbikiza maji na wanga katika wakati wa neema. Mti wa miombo huishi kama mkulima mwenye kihenge, avunaye Mei akijua kwamba Desemba ipo. Mvua inapokatika, mti huendelea kwa muda kutengeneza chakula kwa majani yaliyobaki, hukipeleka chini, kisha hulivua jani lililochoka. Na joto linapoanza kupanda baada ya ubaridi wa Juni na Julai, huitoa akiba ile na kufanya majani mapya. Katika miaka hii ya karibuni wataalamu wameweza kuyapima hayo hata kwa setilaiti zinazopita angani, nazo zimeonyesha kwamba misitu ya ukanda huu wa Afrika huwa imeshika maji katika miti yenyewe wakati ardhi ya juu imekauka, na kwamba ukijani wake hutangulia mvua. Faida ya kutangulia ni dhahiri: mvua ya kwanza inapoanguka, hulikuta jani limekwisha komaa na tayari kufanya kazi, wala siku moja ya msimu mfupi haipotei.

Kwa hiyo majani tuyaonayo Septemba ni matunda ya mvua ya mwaka uliopita. Neno hili ndilo kiini cha sura yote, na ningependa msomaji alishike, maana hukumu zote zitakazofuata zimejengwa juu yake.

Nilipofika penye bonde dogo nilimkuta mzee mmoja mfuga nyuki akiukagua mzinga wake wa gogo uliokuwa umetundikwa juu ya muuba. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea, au unatembea?"

"Natembea, mzee. Naitazama miti inavyochipua."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akashuka, akaniambia, "Basi umeitazama juu tu. Njoo nikuonyeshe chini."

Akanipeleka hatua chache, akanionyesha kijiti kimoja kisichofika gotini, chenye majani mawili matatu yaliyoanza kufunguka. Kilikuwa mche wa mninga. Nikamwuliza umri wake, nikitaraji kuambiwa mwaka mmoja au miwili. Akajibu, "Huu niliuona hapa mwaka ambao mwanangu wa mwisho alianza darasa la kwanza. Sasa amemaliza la saba." Kisha akachukua ncha ya panga lake, akaufukua udongo kwa uangalifu kando ya mche, na kijiti kile chembamba kikaonekana kimeshikilia mzizi mnene wenye gome gumu, uliozama chini wima mpaka panga lilipokoma. Juu ya kichwa cha mzizi palikuwa na makovu meusi ya vijiti vilivyotangulia, kila kimoja kimeteketea kwa moto wa mwaka wake. "Moto ukipita unachukua fimbo," akasema, "mti unabaki." Akaurudishia udongo wake, akaushindilia kwa nyayo, akapanga mawe mawili kuuzunguka.

Alichoniambia mzee yule ndicho wasemacho wachunguzi wa misitu: mche wa mninga hukaa miaka mingi, pengine kumi, ukifa juu kila kiangazi na kufufuka kila mwaka, mpaka mzizi uwe na nguvu za kutosha kulisukuma shina juu, lipite kimo cha moto kwa msimu mmoja au miwili. Mbao za mninga zinazofanya milango na vitanda vya fahari katika nyumba zetu zilianza kwa subira ya namna hiyo, ambayo hakuna aliyeiona wala kuisifu.

Nyuki wa mzee yule walikuwa kazini. Maua ya mninga, ya mtundu na ya miti mingine ya majira haya ndiyo yanayoyapa makundi nguvu baada ya ufukara wa kiangazi, na asali ya miombo, ambayo imeipa nchi yetu jina zuri kwa miaka mingi, msingi wake huwekwa sasa. Hakukosekana mlembe, yule ndege mdogo wa kijivu aliyejulikana kwa kuwaongoza watu mpaka kwenye mizinga ya porini. Alilia kwa haraka juu ya tawi, akaruka mti wa pili, akalia tena, akitualika. Urafiki huu wa ndege na mwanadamu ni wa kale, na uchunguzi uliofanywa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016, ulithibitisha jambo walilolijua warina asali tangu zama: ndege humwelewa mtu amwitaye kwa mlio maalumu uliorithiwa katika jamii yake, na humfuata zaidi kuliko amfuatavyo mtu mwenye sauti nyingine yoyote. Baada ya mvua za kwanza huja na zawadi nyingine, uyoga, unaouzwa kando ya barabara katika mabeseni. Na uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hii, ukiipa maji na madini na kupewa sukari iliyotengenezwa na majani. Mahali palipokatwa miti yote, uyoga huo nao hukoma.

Sasa tuyaendee mambo mawili yanayoidhulumu akiba ya msitu, yaani moto na shoka. Moto ni wa zamani katika nchi hii, wala sisemi kwamba uondoshwe kabisa. Wachungaji huutumia kupata majani mabichi, wakulima huutumia kusafisha, na wawindaji huutumia kufungua macho. Jambo la kuangaliwa ni wakati wake. Huko Ndola, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1930 yalitengwa mapande ya msitu wa miombo kwa majaribio: moja likachomwa kila mwaka mapema, majani yakiwa bado yana unyevu, la pili likachomwa mwisho wa kiangazi, la tatu likakingwa na moto kabisa. Matokeo, aliyoyaandika mchunguzi C. G. Trapnell mwaka 1959, yalikuwa wazi. Pande lililokingwa lilizidi kusongamana. Lililochomwa mapema lilibaki kuwa msitu, na miche yake ikaendelea. Lakini lililochomwa mwishoni lilipoteza miti yake mikubwa kidogo kidogo, mpaka likawa uwanja wa majani na visiki.

Sababu yake tumekwisha iona kwa macho. Moto wa Mei au Juni hupita juu ya majani mabichi kwa unyonge, nao hukuta mti umelala, akiba yake imo salama chini. Moto wa Septemba na Oktoba huja ukiwa na nguvu za majani makavu na upepo, ukaukuta mti umekwisha itoa akiba yake na kuifanya majani. Basi kile kilichochukua msimu mzima kulimbikizwa huteketea kwa alasiri moja. Mti huweza kuchipua tena mara ya pili, kwa kukopa kilichobaki. Ukichomwa hivyo mwaka hata mwaka, huishiwa. Mtu atiaye moto porini mwezi huu kwa ajili ya panya wawili watatu hajui ametoza gharama gani.

Shoka nalo lina sheria yake. Miombo haikatwi ikafa kwa urahisi. Kisiki kilichoachwa na uhai hutoa machipukizi mengi, na pori lililokatwa likapumzishwa na kukingwa na moto mkali huweza kurudia hali ya msitu katika miaka 20 hadi 30. Hasara huja wakati kisiki kinapong'olewa, au kinapochomwa, au kinapokatwa tena kabla hakijajilipa. Mahitaji ya makaa katika miji inayokua, Tunduma ikiwamo, hayana budi kutimizwa, kwa maana watu lazima wapike. Lakini tanuri letu la udongo lina israfu nyingi, kwani kilo 100 za kuni kavu hutoa kwa kawaida kilo 10 mpaka 20 tu za makaa, na zilizosalia huenda na moshi. Mchoma makaa afundishwaye kulipanga tanuri vizuri, kuzikausha kuni kwanza na kukata kwa zamu, huokoa miti mingi kuliko mia ya mabango yaliyoandikwa makatazo.

Wala nyenzo za kuyafanya hayo hazikosekani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji haki ya kutenga misitu yao wenyewe katika ardhi ya kijiji, kuitungia kanuni, kuilinda na kula faida yake. Kwa nchi ambayo tathmini ya taifa ya misitu ilikuta ina hekta milioni 48.1 za misitu, sehemu kubwa yake ikiwa ni miombo ya namna hii, hakuna jeshi la maofisa liwezalo kulinda kila mteremko. Mlinzi wa kweli ni yule aishiye chini ya mteremko huo, anywaye maji yanayotoka humo, na ambaye mpunga wake hutegemea mto unaolishwa na vyanzo vya juu. Ukingo wa milima ukibaki mtupu, mvua ya Januari haitakawia ardhini. Itashuka kwa ghadhabu mpaka Momba, na Momba utayarudisha maji hayo mashambani kwa mafuriko na mchanga.

Basi ningependa baraza la kijiji likutane wakati ufaao, nao ni mwisho wa masika, majani yakiwa bado mabichi, liweke tarehe ya kuchoma mapema pale panapostahili kuchomwa, lichore mipaka ya pande la kukatwa na pande la kupumzishwa, na lipige marufuku moto wote baada ya Julai, marufuku yenye adhabu inayotekelezwa kwa mwenyeji na kwa mgeni sawasawa. Kisha Septemba wazee wawachukue vijana wao wapande milimani pamoja, wakayaone majani mekundu na kufukua mche mmoja, ili amri iliyotolewa barazani iwe na maana machoni pao. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, na hakuna mkutano uwezao kuitia tarehe. Lakini tarehe ya moto na zamu ya shoka zimo mikononi mwetu, na kwa hizo mbili tutaulizwa.